Nani Anayechagua Aina? Mwongozo wa Kusoma Makosa ya Kompaila Katika Fanksheni za Polimofia

Mtu anayejifunza Haskell au OCaml, lugha za kuandikia programu, huzoea upesi makosa mepesi ya aina: amepeleka maandishi mahali panapohitaji namba, kompaila inamwonyesha mstari, anarekebisha na kuendelea na kazi. Mambo hubadilika anapoanza kuandika fanksheni za polimofia, yaani fanksheni zinazoweza kufanya kazi juu ya aina yoyote ya data. Ujumbe wa kosa sasa hautaji `Int` na `String` pekee, bali unataja `a`, `a0` na `a1`, vigeu (majina yanayoshika nafasi ya aina isiyojulikana bado) ambavyo vingine hakuviandika yeye, na mara nyingi unaelekeza kwenye mstari ambao hauna kasoro yoyote. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuusoma ujumbe huo kwa utaratibu. Mifano mingi ni ya Haskell katika kompaila ya GHC, na michache ni ya OCaml, kwa sababu lugha hizi mbili zinaachana mahali ambapo tofauti yao inafundisha. Maneno ya ujumbe hubadilika kidogo kutoka toleo moja la kompaila hadi jingine, lakini muundo wake ni uleule.

Makosa mengi ya namna hii hufunguka kwa swali moja ambalo inafaa kujiuliza kabla ya kugusa msimbo: kwa kila kigeu cha aina kinachotajwa, nani mwenye haki ya kukichagulia aina halisi? Anaweza kuwa mwitaji wa fanksheni. Inaweza kuwa kompaila, kwa kutazama jinsi thamani inavyotumika. Na wakati mwingine hakuna anayechagua, na hilo lenyewe ndilo kosa. Ujumbe wa kompaila, hata ukiwa na mistari ishirini, kwa kawaida unaeleza mgogoro juu ya haki hiyo.

Jinsi kompaila inavyofikia lawama

Mfumo wa aina wa lugha hizi unatokana na kazi ya Roger Hindley ya mwaka 1969 na ya Robin Milner ya mwaka 1978, ambayo Luis Damas na Milner waliikamilisha kimsingi mwaka 1982. Kwa ufupi, kompaila hukipa kila kipande cha programu kigeu cha aina, kisha hukusanya milinganyo: hoja ya fanksheni hii, yaani thamani inayopewa, lazima ilingane na aina ya usemi ule, matawi mawili ya `if` lazima yawe ya aina moja, na kadhalika. Baada ya hapo hujaribu kuitatua milinganyo yote kwa pamoja. Kosa hutangazwa pale mlinganyo fulani unapokataa kutatuliwa, na mahali hapo ndipo mgongano ulipoonekana. Chanzo chake kinaweza kuwa mistari mingi juu yake, au hata katika faili nyingine, kwa kuwa mlinganyo mbaya ulioandikwa mapema huendelea kukubalika mpaka ukutane na mwingine unaoupinga.

Tazama fanksheni hii ya kugeuza orodha, iliyoandikwa bila tamko la aina, yaani mstari unaotaja aina yake:

```haskell
geuza []     = []
geuza (x:xs) = geuza xs ++ x

main = putStrLn (geuza "habari")
```

Kasoro iko katika `++ x`, ambapo ilipaswa kuandikwa `++ [x]`. Hata hivyo kompaila haioni ubaya wowote hapo. Alama `++` inaunganisha orodha mbili, basi inahitimisha kwamba `x` ni orodha, na kwa hiyo `geuza` inapokea orodha ya orodha na kurudisha orodha moja: `[[a]] -> [a]`. Hiyo ni fanksheni halali kabisa, ila siyo ile iliyokusudiwa. Mgongano unakuja katika `main`, ambako ujumbe unasema:

```
Couldn't match type ‘Char’ with ‘[Char]’
  Expected: [[Char]]
    Actual: String
```

Mstari unaolaumiwa ni ule wenye `"habari"`, ambao hauna kosa. Anayesoma ujumbe huu kwa haraka atajaribu kuizungushia `"habari"` mabano ya mraba, programu itakubalika, na itachapisha neno hilo bila kuligeuza. Hilo ni baya kuliko kosa la kompaila, maana sasa programu inatoa jibu lisilo sahihi na hakuna chombo kinacholalamika.

Katika ujumbe kama huu, mstari wa `Expected` unaeleza kile ambacho mazingira yanadai, na mstari wa `Actual` unaeleza kile ambacho usemi wenyewe unacho. OCaml husema jambo hilohilo kwa sentensi moja inayoanza na `This expression has type` na kufuatiwa na `but an expression was expected of type`. Ukiona kwamba kile kinachotarajiwa ndicho cha ajabu, kama hapa ambapo fanksheni ya kugeuza orodha inadai orodha ya orodha, acha kuutazama usemi uliolaumiwa na uende kwenye fanksheni iliyoleta dai hilo. Muulize mkalimani wa GHCi kwa amri `:t geuza`, na jibu lake litakuonyesha moja kwa moja kwamba aina iliyobainiwa siyo uliyokuwa nayo akilini.

Tamko la aina huleta kosa karibu na chanzo chake

Hatua ya kwanza ya kurekebisha, na yenye faida kubwa kuliko nyingine zote, ni kuandika tamko la aina juu ya kila fanksheni ya ngazi ya juu kabla ya kuandika mwili wake. Ongeza mstari mmoja tu:

```haskell
geuza :: [a] -> [a]
```

Sasa kosa linahama. Kompaila haiko huru tena kuhitimisha kwamba `x` ni orodha, kwa sababu umeshaiambia kuwa ni kitu cha aina `a`, na inalaumu `x` yenyewe katika mstari wa pili: ilitarajiwa `[a]`, imepatikana `a`. Mtu yeyote akisoma hivyo anaona kwamba pamesahauliwa mabano ya mraba. Wapo wanaoona kuwa kuandika matamko ni kupoteza uwezo wa lugha wa kubaini aina yenyewe, lakini tamko ni ukuta unaozuia kosa la fanksheni moja lisivuje hadi kwenye nyingine, na katika msimbo wa polimofia ukuta huo ni wa lazima kwa sababu aina pana hukubali mambo mengi mno kabla ya kukataa.

Ikiwa hujui tamko gani uandike, andika lile unaloliamini, siyo lile ambalo kompaila inapendekeza. Ukinakili pendekezo la kompaila kwa fanksheni yenye kasoro, unaihalalisha kasoro hiyo, kama ambavyo `[[a]] -> [a]` ingekubalika bila shida.

Pale ambapo mwitaji ndiye mwenye haki

Kundi la makosa linalowatatiza wengi zaidi ni lile lenye maneno `rigid type variable`. Mfano mfupi, ambapo `Maybe a` ni thamani ya aina `a` inayoweza pia kukosekana (`Nothing`):

```haskell
toa :: Maybe a -> a
toa (Just x) = x
toa Nothing  = '?'
```

```
Couldn't match expected type ‘a’ with actual type ‘Char’
  ‘a’ is a rigid type variable bound by
    the type signature for:
      toa :: forall a. Maybe a -> a
```

Mwandishi wa msimbo huu hujiuliza: kama `a` ni aina yoyote, kwa nini `Char` isikubalike, ilhali nayo ni aina mojawapo? Jibu liko katika `forall a` ambayo kompaila imeiongeza katika ujumbe. Tamko lile ni ahadi kwa mwitaji: chagua aina yoyote unayoitaka, nami nitakurudishia kitu cha aina hiyo. Mwitaji akichagua `Int`, tawi la pili litamrudishia herufi, na ahadi itakuwa imevunjwa. Ndani ya mwili wa fanksheni, basi, `a` ni kigeu kilichofungwa. Hujui ni aina gani, na hauruhusiwi kukisia. Unaweza kukipitisha kitu cha aina hiyo, kukiweka katika orodha, au kukirudisha, lakini huwezi kukitunga kutoka hewani. Ujumbe unapotaja `rigid`, tambua kwamba mwili wa fanksheni umejaribu kuchagua mahali ambapo haki ilikuwa ya mwitaji. Katika mfano huu suluhisho ni kumwomba mwitaji alete yeye thamani ya kutumika pale kitu kinapokosekana, yaani `toa :: a -> Maybe a -> a`, au kuubana upana wa tamko na kusema wazi kwamba fanksheni inashughulikia `Char` pekee.

Sura ngumu zaidi ya kosa hili huwapata watu waliotoka katika lugha kama Java, ambako fanksheni inayotangaza kurudisha `Number` ina uhuru wa kurudisha namba ya aina yoyote inayoitaka yenyewe. Wakifika Haskell huandika hivi, ambapo `Num b` ni sharti kwamba `b` iwe aina ya namba:

```haskell
maradufu :: Num b => Int -> b
maradufu n = n * 2
```

Wanalisoma tamko hilo kana kwamba linasema kuwa fanksheni itarudisha namba ya aina fulani. Kwa kweli linasema kinyume chake: mwitaji atachagua ni namba ya aina gani, na fanksheni lazima itoe hiyo hiyo, iwe `Double`, `Integer`, au aina ya namba itakayobuniwa na mtu mwingine baadaye. Kwa kuwa `n * 2` ni `Int`, kompaila inakataa kwa maneno yaleyale ya kigeu kilichofungwa. Ukiwa na nia ya kumwachia mwitaji uchaguzi, andika `fromIntegral (n * 2)`. Ukiwa huna nia hiyo, tamka `Int -> Int`. Kwa maoni yangu hilo ndilo chaguo bora katika sehemu kubwa ya msimbo wa kawaida, kwa sababu upana usiohitajika huzalisha makosa ya utata ambayo tutayaona hapa chini. Na kama kweli unataka fanksheni yenyewe ichague aina na kumficha mwitaji, Haskell ina njia ya kufanya hivyo kwa kuifunga thamani ndani ya aina mpya:

```haskell
data Chochote = forall x. Show x => Chochote x
```

Anayepokea `Chochote` anajua tu kwamba kilichomo ndani kinaweza kuonyeshwa kwa `show`, na hapo haki ya kuchagua imehamia upande wa pili.

Makosa ya `No instance for (Num a)` au `(Ord a)` yakiwa na kigeu kilichofungwa ni ndugu wa karibu wa haya, ila ni mepesi. Mwili umetumia `+` au `<` juu ya aina ambayo tamko halikuahidi kuwa na uwezo huo, na kompaila yenyewe hupendekeza kuongeza sharti katika tamko. Likubali pendekezo hilo ikiwa tu sharti lina maana kwa fanksheni yako. Kuongeza `Num a =>` kwenye fanksheni ambayo haina uhusiano na namba ni dalili kwamba kosa liko ndani ya mwili.

Jina moja, vigeu viwili

Ujumbe unaosema kwamba `a1` hailingani na `a` huonekana kama uzushi, kwa kuwa mwandishi aliandika `a` pekee. Msimbo wake huwa hivi:

```haskell
jozi :: a -> [b] -> [(a, b)]
jozi x ys = map unga ys
  where
    unga :: b -> (a, b)
    unga y = (x, y)
```

Kwa kanuni za kawaida za Haskell 2010, kila tamko la aina lina vigeu vyake. Herufi `a` katika tamko la `unga` haina uhusiano na `a` ya `jozi`. Ni kama imeandikwa `forall a b.` mbele yake, na hivyo `unga` inaahidi kumrudishia mwitaji wake jozi ya aina yoyote anayoitaka. Lakini `x` ina aina ambayo mwitaji wa `jozi` alishaichagua, na waitaji hawa wawili hawalazimiki kukubaliana. Kompaila hubadili jina la moja kuwa `a1` ili uweze kuvitofautisha vigeu hivyo, na hiyo namba ndiyo kidokezo cha kutafuta tamko lililo ndani ya tamko.

Dawa ya haraka ni kulifuta tamko la ndani. Dawa iliyo kamili ni kuwasha nyongeza ya lugha iitwayo `ScopedTypeVariables` na kuandika `forall` waziwazi katika tamko la nje:

```haskell
jozi :: forall a b. a -> [b] -> [(a, b)]
```

Baada ya hapo tamko la ndani linapaswa kutumia `b` na `a` zilezile, na linakubalika. Mkusanyiko wa `GHC2021`, unaopatikana tangu GHC 9.2, huwasha nyongeza hiyo wenyewe, lakini neno `forall` bado lazima uliandike. Bila hilo vigeu vya nje havifiki ndani, na wengi hupoteza muda hapo wakidhani nyongeza haijawashwa.

Pale ambapo hakuna anayechagua

```haskell
safisha :: String -> String
safisha s = show (read s)
```

Hapa `read` inatoa thamani ya aina fulani na `show` inaipokea. Aina hiyo haionekani katika tamko, kwa hiyo mwitaji hana njia ya kuichagua. Na mwili haukusema chochote. Ujumbe huanza na `Ambiguous type variable ‘a0’`. Sifuri iliyo baada ya jina kwa kawaida huashiria kigeu kilicho wazi, ambacho kompaila ilikitunga ikitumaini kwamba baadaye kitapata aina halisi, na hakikupata. Mpe mtu haki ya kuchagua: andika `show (read s :: Int)`, au tangu GHC 8.0 kwa nyongeza ya `TypeApplications`, `show (read @Int s)`.

Jihadhari na GHCi katika suala hili. Mkalimani huyo ana kanuni legevu zaidi za kujaza aina zisizojulikana, na usemi kama `show (read "5")` hukubalika ndani yake kwa kuchukuliwa kuwa wa aina `()`, kisha hushindwa wakati wa kuendeshwa kwa `Prelude.read: no parse`. Kwa hiyo usihitimishe kwamba usemi hauna utata kwa sababu tu GHCi haikulalamika.

Namba, na hoja zilizosahauliwa

Namba iliyoandikwa moja kwa moja katika Haskell, kama `2`, yenyewe ni ya polimofia: ni ya aina yoyote yenye uwezo wa `Num`. Hii ndiyo sababu makosa ya namba huonekana ya ajabu. Katika `wastani xs = sum xs / length xs` kompaila hulalamika `No instance for (Fractional Int)`, kwa kuwa `length` hurudisha `Int` daima, na `/` inadai pande zote mbili ziwe za aina moja inayogawanyika kwa sehemu; andika `fromIntegral (length xs)`. Usijaribu kamwe kuunda instansi hiyo inayokosekana, yaani msimbo unaoipa aina uwezo fulani. Ujumbe unaposema hakuna instansi ya `Show` au `Num` kwa kitu chenye mshale ndani yake, mathalani `Show ([b0] -> [(a0, b0)])`, kitu hicho ni fanksheni ambayo haijapewa hoja zake zote. Hesabu hoja, na kosa huisha.

Kuna pia kanuni inayojulikana kama kizuizi cha monomofia. Ukiandika `zidisha = (*)` bila tamko na bila hoja upande wa kushoto, GHC haiipi aina pana, bali huichagulia aina moja tu kutokana na matumizi yake ndani ya moduli. Ikitumika mahali pamoja kama `zidisha 2 (length xs)`, inakuwa ya `Int`, na mahali pengine `zidisha 1.5 2` itakataliwa ingawa kila mstari peke yake ni sahihi. Tamko `zidisha :: Num a => a -> a -> a` linaondoa kizuizi, na vilevile kuandika hoja waziwazi: `zidisha x y = x * y`.

Fanksheni inayopokea fanksheni pana

```haskell
tumia f = (f 1, f True)
```

Msimbo huu unakataliwa kwa ujumbe wa `No instance for (Num Bool)`, ambao haumsaidii sana msomaji. Katika mfumo wa Hindley na Milner, jina lililofungwa kwa `let` linaweza kuwa la polimofia, lakini hoja ya fanksheni haiwezi: ndani ya `tumia`, `f` ina aina moja tu. Kompaila imeona `f` ikipewa namba, kisha ikipewa `True`, ikahitimisha kwamba namba hiyo ni `Bool`. Ukitaka `f` ibaki pana, lazima uliseme kwa nyongeza ya `RankNTypes`:

```haskell
tumia :: (forall a. a -> a) -> (Int, Bool)
tumia f = (f 1, f True)
```

Nafasi ya `forall` imebadilika, na pamoja nayo haki ya kuchagua. Sasa mwili wa `tumia` ndio unaochagua aina ya `a`, mara mbili, na mwitaji ndiye anayebanwa kuleta fanksheni inayofaa kwa aina zote. Tamko hapa haliepukiki, kwani J. B. Wells alithibitisha mwaka 1994 kwamba hakuna njia ya jumla ya kompaila kubaini aina za namna hii yenyewe pasipo matamko. Aidha, tangu GHC 9.0 baadhi ya misimbo ya zamani iliyopitisha fanksheni kama hizi kwa jina tu inadai sasa iandikwe kwa hoja wazi, `\x -> f x` badala ya `f`. Kosa linalotaja `forall` upande mmoja pekee mara nyingi huisha kwa badiliko hilo dogo.

OCaml: mahali ambapo `'a` haiahidi kitu

Anayehamia OCaml akiwa na mazoea ya Haskell hushangazwa na hili:

```ocaml
let f (x : 'a) : 'a = x + 1
```

Linakubalika, na aina yake inakuwa `int -> int`. Katika OCaml, `'a` ndani ya maelezo ya aina ni kigeu kilicho wazi, ambacho kompaila inaruhusiwa kukijaza. Haimpi mwitaji haki yoyote. Kwa hiyo kuandika maelezo ya namna hiyo hakuleti ule ukuta tulioutegemea hapo juu. Ahadi ya kweli huandikwa hivi:

```ocaml
let f : 'a. 'a -> 'a = fun x -> x + 1
```

Sasa kompaila inakataa, ikisema kwamba aina ya mwili ina upana mdogo kuliko ile iliyotamkwa. Ukiwa unawinda kosa katika OCaml, badilisha kwanza maelezo yako yawe ya muundo huu.

Jambo la pili ni vigeu dhaifu, vinavyoonekana kama `'_weak1`. `let hifadhi = ref []` haipewi aina pana, kwa sababu kisanduku kinachobadilika kikiruhusiwa kuwa cha aina zote, mtu angeweka namba na mwingine angetoa maandishi. Kanuni inayolinda hilo hutazama umbo la usemi, na hivyo huzuia hata semi zisizo na hatari: `let kila = List.map (fun x -> x)` inapata aina dhaifu, matumizi ya kwanza kwa orodha ya namba yanaifunga kwa `int`, na matumizi ya pili kwa maandishi yanalaumiwa. Ongeza hoja pande zote mbili, `let kila xs = List.map (fun x -> x) xs`, nayo inakuwa pana.

Aina isiyo na mwisho

Maneno `cannot construct the infinite type: a ~ [a]` yanaeleza kwamba milinganyo imedai aina iwe sawa na orodha ya aina hiyohiyo. Mara nyingi umechanganya `:` na `++`, au umetumia `map` mahali pa `concatMap`, au umeirudisha fanksheni yenyewe badala ya matokeo yake. Hesabu tabaka za orodha kila upande wa mlinganyo na utaona iliyozidi.

Ipo hali moja ambamo msimbo ni sahihi na ujumbe huu bado unatokea:

```haskell
data Ota a = Mwisho | Ota a (Ota (a, a))

idadi Mwisho    = 0
idadi (Ota _ b) = 1 + 2 * idadi b
```

Fanksheni hii inajiita yenyewe kwa aina tofauti na ile iliyoipokea: imepewa `Ota a`, nayo inaita kwa `Ota (a, a)`. Bila tamko, kompaila huchukulia kwamba ndani ya mwili wake fanksheni ina aina moja tu, na inaishia kudai kwamba `a` ni jozi ya `a`. Alan Mycroft alishughulikia upanuzi wa mfumo kwa ajili ya hali hii mwaka 1984. Hapa huhitaji kubadili hata herufi moja ya mwili. Andika tu `idadi :: Ota a -> Int`.

Kupunguza eneo la msako

Inapotokea kwamba tamko lipo, umeshatambua nani ana haki ya kuchagua, na bado kosa halieleweki, kata fanksheni vipandevipande. Soma kosa la kwanza pekee, kwa kuwa yanayofuata huwa matokeo yake. Badilisha nusu ya mwili kwa `undefined`, ambayo inakubali kuwa ya aina yoyote inayodaiwa na mahali ilipo. Katika OCaml `assert false` hufanya kazi hiyo. Kosa likitoweka, chanzo kiko katika nusu uliyoiondoa, au katika mlinganyo unaoiunganisha na iliyobaki. Likibaki, kiko katika nusu nyingine. Endelea kukata hadi ubaki na usemi mmoja.

Ukifika hapo, weka `_` mahali pa usemi huo. Tangu GHC 7.8 kompaila hujibu kwa kueleza aina inayodaiwa mahali hapo, kwa mfano `Found hole: _ :: [a]`, na chini yake, katika sehemu inayoanza na `Relevant bindings include`, huorodhesha majina yaliyo karibu pamoja na aina zake. Linganisha aina inayodaiwa na ile unayoipata kwa `:t` kwenye usemi uliouondoa, ukitazama vigeu kimoja baada ya kingine: kipi kimefungwa, na kwa tamko gani, kipi kiko wazi, na nani alipaswa kukijaza. Usemi ukiwa na majina ya ndani ambayo GHCi haiyaoni, yageuze kuwa hoja za fanksheni ndogo ya muda, `\x xs -> ...`, na uulize aina ya hiyo. Katika OCaml, kihariri kinachotumia Merlin hukuonyesha aina ya usemi wowote uliouchagua hata pale faili zima linapokuwa bado na makosa, na kwa fanksheni ndefu hiyo ni njia ya haraka kuliko kukata kwa mkono.